Je, wajua? Sekunde moja, tarehe mbili: Kinshasa na Lubumbashi ndani ya simu

Usiku wa tarehe 14 Novemba 2023, saa 23:13, mtu wa Kinshasa anamwandikia dada yake aliye Lubumbashi. Ujumbe unafika papo hapo, lakini simu ya dada inaandika 00:13, tarehe 15. Nani kaongeza saa moja njiani?

Hakuna. Wengi, hata wanaoandika programu kwa kazi, huamini kwamba ujumbe hutoka na saa ya Kinshasa, kisha seva fulani (kompyuta inayopitisha ujumbe) huirekebisha kabla haijafika mashariki. Imani hiyo ndiyo huzaa programu zinazojumlisha 1 hapa na kutoa 1 pale, mpaka hata mwenye programu hajui tena anasoma saa ya nani. Ujumbe haukubeba saa wala tarehe. Ulibeba hesabu ya sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, saa sita kamili ya usiku kwa saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia. Hesabu ilipotimia 1,700,000,000 ilikuwa 23:13:20 Kinshasa na 00:13:20 Lubumbashi, na nambari yenyewe haikubadilika popote duniani. Kila simu huigeuza yenyewe kuwa saa ya mahali ilipo, na Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa.

Ni kama bei ya dola sokoni. Muuzaji anasema dola 50. Ukitaka kulipa franka, mnatazama kiwango cha leo. Bei ni dola, franka ni namna ya kuisoma. Akiandika daftarini franka tu bila kiwango cha siku ile, baadaye hatajua aliuza dola ngapi. Programu inayohifadhi "00:13" bila kusema ni ya wapi imejiweka palepale.

Viwango vya saa, yaani kila mahali panatofautiana na UTC kwa saa ngapi, navyo vina daftari lake, lililoanzishwa na mtaalamu wa kompyuta Arthur David Olson miaka ya 1980, na leo liko ndani ya karibu kila simu. Haliandiki nchi, linaandika miji: Africa/Kinshasa, Africa/Lubumbashi. Goma na Bukavu hazimo. Hutumia jina la Lubumbashi. Ukifuatilia zaidi unakuta Lubumbashi yenyewe imeelekezwa Maputo, na Kinshasa imeelekezwa Lagos, kwa kuwa tangu 1970 saa zao hazijatofautiana. Basi simu ya Goma husoma saa yake kwenye ukurasa wa Msumbiji, na haikosei hata sekunde.

Kinachokosea ni fomu inayouliza "Nchi gani?" pekee. Ukijibu Kongo, unapewa Kinshasa, na mauzo ya Bukavu ya saa 00:20 yanaingia kwenye ripoti ya jana.

Lakini hesabu ya sekunde inafaa kwa yaliyokwisha kutokea. Kwa miadi ijayo inaweza kukudanganya. Tarehe 1 Februari 2021 jirani zetu wa Sudan Kusini walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Mkutano wa Juba uliopangwa kabla ya hapo kuwa saa 9:00 asubuhi ya Machi, ukahifadhiwa kwa sekunde tu, ungejitokeza kwenye kalenda saa 8:00. Miadi ya namna hiyo huandikwa kwa saa ya ukutani pamoja na jina la mji, na sekunde zikahesabiwa siku yenyewe ikikaribia.