Kujipaka rangi ya kucha nyumbani: maswali na majibu

Nabadilisha rangi kila baada ya siku mbili tatu. Sasa ncha za kucha zinaachana kama karatasi iliyolowa. Ni rangi ndiyo inayozila?

Rangi haina kosa kubwa hapo. Kosa ni la kuitoa.

Kucha ni keratini, yaani seli zilizokufa na kubanana tabaka juu ya tabaka, zikishikiliwa pamoja na maji na mafuta kidogo. Asetoni inayeyusha rangi kwa sekunde chache, lakini haichagui: inaondoka na rangi, inaondoka na mafuta pia. Ukifanya hivyo mara moja, si neno. Ukifanya mara tatu kwa wiki, tabaka zinakauka na kuanza kuachana. Na kwa kuwa kucha imekufa, haiponi kama ngozi inavyopona. Unachoweza kufanya ni kusubiri nyingine ikue.

Hapo hesabu inasaidia. Kucha ya mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ncha inayochanika leo ilitoka shinani miezi mitano au sita iliyopita. Imepita kwenye kila pamba ya asetoni uliyotumia tangu wakati huo. Ndiyo maana ncha huanza kuharibika huku sehemu ya karibu na ngozi ikiwa bado nzuri.

Kuna jambo baya kuliko asetoni, nalo ni kubandua. Umekaa, rangi imeinuka pembeni, ukucha wa kidole gumba unaanza kuichokonoa, mara kipande kizima kinatoka kama ganda. Siku nyingine kigeuze kipande hicho ukiangalie kwa ndani kwenye mwanga. Utaona utando mweupe kama vumbi lililoganda. Hiyo ni kucha yako, tabaka la juu kabisa, limeondoka pamoja na rangi.

Namna ya kuitoa isiyo na madhara makubwa ni ya polepole. Lowesha pamba, ikandamize juu ya kucha, hesabu hadi 15, kisha vuta kuelekea nchani mara moja. Usisugue huku na huku. Ukimaliza nawa mikono, halafu paka mafuta mazito au vaselini kwenye kucha na ngozi inayozizunguka. Kifungue kichupa dirishani, mbali na jiko au mshumaa: mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kushika moto kabla wewe hujaona lolote. Na kikae mbali na mikono ya watoto.

Lakini raha yenyewe ni kujaribu rangi! Nitazijaribuje bila kuzitoa kila mara?

Usizijaribie kwenye kucha. Kata vipande vya selotepu angavu, vibandike ncha zake kwenye ukingo wa glasi, na kila kipande kipake rangi yake mara mbili. Viache vikauke vizuri. Kisha chukua kimoja kimoja ukilaze juu ya kucha tupu, usogee dirishani, unyooshe mkono kama vile unamwonyesha mtu. Rangi kumi kwa jioni moja, asetoni haijafunguliwa.

Paka mara mbili kweli, usidanganye. Mpako mmoja wa rangi hafifu huonyesha kucha iliyo chini, na rangi inayotoka hapo si ile utakayoishi nayo. Tena chupa hudanganya: rangi iliyojaa chupani ni nene, huonekana nzito kuliko itakavyokuwa kwenye kucha. Taa ya ndani nayo ina lake. Zambarau iliyokuvutia usiku inaweza kuamka asubuhi ikiwa kahawia.

Zile kanuni za ngozi ya aina hii ivae rangi ile, mimi sizifuati. Laza kipande, tazama mkono wako, amua.

Nasikia kuwa kucha zinahitaji kupumua. Niziache tupu kwa muda gani?

Kucha haipumui. Oksijeni na chakula chake huletwa na damu shinani, na huko rangi haifiki. Sababu ya kuziacha tupu ni nyingine: rangi ikikaa wiki nyingi, au ukipaka mpya juu ya ya zamani bila kuitoa, tabaka la juu la kucha hukauka na kutoka madoa meupe yanayokwaruza, kama chokaa. Watu huyaona wakadhani ni fangasi, wakaanza dawa bure. Ukiziacha bila rangi, na kuzipaka mafuta, madoa hayo huisha kadiri kucha inavyokua. Faida ya pili ni kwamba unapata nafasi ya kuziona, na hilo nitalirudia mwishoni.

Nilitoa nyekundu iliyoiva, kucha zikabaki za njano. Nimeugua?

Tazama karibu na ngozi. Ikiwa pale kucha inapochomoza kuna ukanda safi usio na unjano, na mpaka wake umenyooka, hilo ni doa la rangi linalosukumwa nje. Rangi nyekundu na za giza zina chembe za rangi zinazopenya kwenye keratini, hasa ukipaka moja kwa moja bila mpako angavu wa chini. Usizikwangue kwa tupa: utapunguza unene wa kucha na doa litabaki. Mara ijayo anza na mpako wa chini.

Unjano wa kucha zote kwa mtu ambaye hajapaka rangi, kucha zikiwa nene na zimegoma kukua, hilo si jambo la vipodozi. Nenda hospitali.

Ile ngozi laini iliyopanda juu ya kucha, niikate?

Hapana. Ile si uchafu, ni muhuri. Imeziba pengo kati ya kucha na ngozi ili maji na vijidudu visiingie shinani, mahali kucha inapotengenezwa. Ukiikata umefungua mlango.

Mimi niliufungua. Nilikuwa na mkasi mdogo mkali na haraka ya kutoka, nikakata hadi kidole cha kati kikatoa tone la damu, nikapaka rangi juu yake. Usiku wa pili kidole kilikuwa kinapiga kama moyo, nimekiinua juu ya mto kwa sababu kukilaza tu kulikuwa kunauma. Ndiyo huyo mdudu wa kidole tunayemsikia. Jina linatisha, ila hakuna mdudu wa kutambaa: mara nyingi ni bakteria, hasa aina ya stafilokokasi anayeishi kwenye ngozi zetu siku zote akingoja upenyo.

Ukikuta wekundu na maumivu yaliyoanza tu, loweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, mara tatu au nne kwa siku. Usaha ukionekana, usikitoboe mwenyewe kwa sindano. Kituo cha afya watautoa kwa usafi. Usichelewe ikiwa wekundu unapanda kuelekea mkononi au una homa. Na kama una kisukari, usijaribu hata hatua ya kwanza peke yako: nenda siku hiyo hiyo. Hili linahusu hata kucha za miguu, ambako ganzi inaweza kukuficha jeraha mpaka liwe kubwa.

Ngozi hiyo ikikukera, ilainishe kwa mafuta baada ya kuoga na uisukume taratibu kwa kitambaa. Kinachoning'inia pembeni kikate. Usikivute kwa meno.

Niloweke mikono kwanza kabla ya kupaka?

Si lazima, na rangi haipendi. Kucha hunyonya maji na kuvimba. Unaipaka ikiwa imevimba, baadaye inanywea, rangi inabanduka. Nawa, kausha, futa mafuta kwa pamba yenye asetoni kidogo, paka. Mipako myembamba miwili hukauka vizuri kuliko mmoja mnene. Na usikitikise kichupa, kizungushe kati ya viganja, la sivyo utapata mapovu.

Kope za macho zinaniwasha na kuvimba, lakini vidole havina tatizo lolote. Nimebadilisha wanja, bado. Inawezekana ni kucha?

Inawezekana sana, na watu huhangaika miezi kabla ya kugundua. Rangi nyingi zimetengenezwa kwa nitroselulosi na utomvu unaoifanya ing'ae na kushika. Mmojawapo, wa tosilamaidi na fomaldehaidi, ni chanzo kinachojulikana cha mzio. Ngozi ya kidole ni ngumu, haisemi kitu. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini. Hebu jihesabu ni mara ngapi kwa saa moja unagusa uso, hasa rangi ikiwa bado haijakauka sawasawa. Kukauka kwa kugusa ni dakika chache, ila viyeyusho huendelea kutoka kwa saa kadhaa.

Toa rangi yote, kaa bila rangi wiki tatu. Kope zikitulia, kisha zikawasha tena uliporudia, umeshapata jibu, na daktari wa ngozi anaweza kulithibitisha kwa kipimo cha kubandika mgongoni.

Usiridhike na maandishi ya "haina kemikali tatu" au "kumi" kwenye chupa. Zile tatu za kwanza ni toluini, fomaldehaidi na dibutili thaleti, na ni kweli kwamba Umoja wa Ulaya uliizuia hiyo ya mwisho kwenye vipodozi mwaka 2004. Lakini hakuna kanuni moja inayosema namba hizo zimaanishe nini. Soma orodha ya viambato yenyewe.

Nimenunua jeli na taa yake nifanyie nyumbani. Ni salama?

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Rangi ya kawaida hukauka kwa viyeyusho kupotea hewani. Jeli haikauki, inaungana: molekuli ndogo za akrileti hushikana na kuwa plastiki zinapopigwa na mwanga wa taa inayolingana nayo. Taa ikiwa dhaifu au si ya jeli ile, juu huwa pagumu na chini panabaki pabichi. Jeli mbichi iliyogusa ngozi, hasa yenye HEMA, mojawapo ya hizo akrileti, ndiyo inayoleta mzio. Na mzio wa akrileti ukishaingia haukuachi. Dawa ya meno ya kuziba jino, saruji ya kushikizia nyonga ya bandia, gundi ya baadhi ya vifaa vya kisukari vinavyobandikwa mwilini, vyote vina jamaa wa kemikali hiyo hiyo.

Kwa hiyo: jeli isiguse ngozi. Ikimwagika pembeni, ifute kwa kijiti kabla ya kuwasha taa. Tumia taa iliyopendekezwa na mtengenezaji wa jeli. Angalia pia kama ina TPO, kiambato cha kuifanya igande, ambacho Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku kwenye vipodozi kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 kwa sababu ya hofu kuhusu uzazi.

Kuhusu miale ya urujuanimno ya taa, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha Januari 2023 kwamba dakika 20 za taa hizo ziliua asilimia 20 hadi 30 ya seli walizoziweka kwenye sahani ya maabara. Seli za sahani hazina ngozi ngumu juu yake, na watu wengi hawakai dakika 20. Sikuambii uitupe taa. Vaa glavu zilizokatwa ncha, au paka losheni ya kukinga jua kabla ya kuanza.

Tunakaa marafiki watano, kikata kucha kimoja. Kuna ubaya?

Upo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu la kuwaambukiza halihitaji kuonekana kwa macho. Rangi mnaweza kushiriki. Kikata kucha, mkasi na tupa kila mtu awe na vyake. Vya chuma vioshwe kwa sabuni na brashi kisha vipitishwe kwenye spiriti ya asilimia 70. Tupa ya karatasi haisafishiki, ikichakaa itupwe.

Kwa nini hospitali wanasema nitoe rangi kabla ya upasuaji?

Wanataka kuona kucha zako zikibadilika rangi ukipungukiwa oksijeni. Pia kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni, hupitisha mwanga kwenye kucha, na rangi za giza zinaweza kukichanganya.

Nilipotoa rangi niliona mstari mweusi kwenye kidole kimoja, kutoka shinani hadi nchani. Nipake tu juu?

Usipake. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida na huongezeka na umri. Ninachotaka uangalie ni mstari wa kidole kimoja tu, unaopanuka, wenye kingo zisizo safi, au weusi uliovuka kucha na kuingia kwenye ngozi. Hiyo inaweza kuwa melanoma, saratani ya ngozi, ambayo kwa watu weusi hupenda zaidi viganja, nyayo na chini ya kucha. Ya mwanamuziki Bob Marley iligundulika chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu mwaka 1977, ikidhaniwa kwanza ni jeraha la mpira. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Damu iliyovia baada ya kubanwa na mlango ina tabia yake: husogea na kucha, zile milimita 3 kwa mwezi, na kuacha kucha safi nyuma yake. Kucha za miguu ni karibu nusu ya mwendo huo. Mstari usiosogea, unaoendelea kuchomoza shinani, uonyeshe kwa daktari wa ngozi wiki hii. Upige picha leo karibu na rula, na siku ya kwenda utoe rangi kwenye kucha zote 20, kwa sababu atataka kulinganisha.