Je, wajua torpedo, kombora linalosafiri chini ya maji, inaweza kuipata meli hata kama hujui iko umbali gani?

Mpwa wangu anaishi Majengo, hapa Moshi, na bahari ameiona mara moja tu maishani. Jioni anacheza Silent Hunter III, gemu ya nyambizi za Kijerumani za Vita Kuu ya Pili, iliyotolewa na Ubisoft mwaka 2005. Majuzi aliamua kuongeza uhalisia: akazima msaada wa kompyuta na kuanza kulenga kwa mkono. Ukifanya hivyo, kazi yote ni yako. Unakadiria mwendo wa meli, uelekeo wake na umbali wake, ndipo ufyatue.

Torpedo zake zikawa zinapita patupu. "Anko, umbali ndio unanishinda," akaniambia. Ni kweli, umbali ni mgumu. Unapimwa kwa kuangalia mlingoti wa meli unaonekana mrefu kiasi gani kwenye periskopu, ile darubini ya nyambizi inayochungulia juu ya maji, na lazima ujue urefu wake halisi. Ukidhani meli ni ya aina nyingine, au wimbi likikutikisa, hesabu imeharibika.

Nikamwambia aachane na umbali kabisa.

Chukua mfano wa huku kwetu. Unatoka na baiskeli kwenye njia ya shambani kuelekea barabara kuu ya Arusha, na kulia kwako inakuja bodaboda. Kadiri mnavyosogea, ukiona inahamia mbele yako, itakutangulia kupita. Ikibaki nyuma, wewe utatangulia. Lakini ikiganda pale pale usawa wa bega lako huku ikizidi kuwa kubwa, shika breki, maana mnakwenda kugongana. Mabaharia wanaijua kanuni hii na wanaiogopa. Mpiga torpedo anaitafuta kwa makusudi.

Tuseme meli inakwenda noti 10. Noti moja ni mwendo wa mita 1,852 kwa saa. Torpedo ya umeme ya Wajerumani, G7e, ilikwenda noti 30, yaani mara tatu zaidi. Weka nyambizi yako iitazame njia ya meli kwa pembe mraba, torpedo ikatoke mbele moja kwa moja. Kwa kila mita 3 za torpedo, meli inasogea mita 1. Kama njia ya meli iko mita 600 mbele yako, meli inatakiwa iwe mita 200 kabla ya mahali pa kukutania. Ikiwa mita 1,500, inatakiwa iwe mita 500 kabla. Sasa chora pembetatu zote mbili kwenye karatasi. Moja ni kubwa, nyingine ndogo, lakini pembe ni ile ile: nyuzi 18 na kidogo. Meli ikitokea kulia, geuza periskopu nyuzi 18 kulia, tulia, na katikati ya meli ikigusa mstari wa katikati ya periskopu, fyatua. Umbali haumo kwenye hesabu.

Nilipoielewa hii mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto, na bado naona ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kucheza kwa mkono. Wachezaji wengi wanaiita njia ya O'Kane, kwa jina la Richard O'Kane, kamanda wa nyambizi ya Marekani USS Tang.

Kinachobaki ni mwendo. Simamisha nyambizi, usiguse periskopu, na uhesabu sekunde tangu omo ya meli, yaani ncha ya mbele, iguse mstari hadi tezi, yaani ncha ya nyuma, imalizike kupita. Meli za mizigo za Liberty zilikuwa na urefu wa mita 134 hivi. Ikichukua sekunde 26, hiyo ni noti 10.

"Basi hata nikiwa mbali sana?" akauliza. Hapana, hapo asidanganyike. Umbali hauhitajiki kwenye kulenga, lakini unakuza kila kosa lako. Kama meli ilikuwa na noti 12 nawe ukadhani 10, kwa mita 600 unakosea mita 40, na bado unaipiga ubavuni, kwa kuwa kutoka katikati hadi omo au tezi ni mita 67. Kwa mita 1,500 kosa linafika mita 100, na torpedo inapita maji matupu nyuma ya tezi. Isitoshe, inasafiri zaidi ya dakika moja na nusu. Mlinzi mmoja akiuona mkondo wa periskopu yako, nahodha akakata usukani, pembetatu yote imevunjika.

Akarudi kwenye gemu, akasogea hadi mita kama 600, akageuza periskopu nyuzi 18 na kungoja. Alipofyatua aliweka simu mezani, saa ikihesabu. Kwa mita 600, torpedo ya noti 30 inachukua sekunde 39. Ilipofika 30 alikuwa ameshasimama.