Shodo inatuliza moyo, lakini presha inataka dawa

Maswali haya nimeulizwa na wagonjwa wa kliniki ya presha ninakofanya kazi ya uuguzi. Baadhi yao wamejifunza shodo kwa video za kwenye simu na wanaisifu sana. Wana haki ya kuisifu. Ninaowahofia ni wale wanaopotea kliniki miezi kadhaa, kisha wanarudi presha ikiwa juu mno na dawa waliziacha zamani, wakiniambia, "Sista, mbona siku hizi nimetulia?"

Shodo ni kitu gani?

Ni sanaa ya Kijapani ya kuandika kwa brashi na wino mweusi. Ilifika Japani kutoka China pamoja na maandiko ya dini ya Kibudha, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Watawa waliitumia kunakili sala zao, na mpaka leo yapo mahekalu katika miji ya Kyoto na Nara ambako mgeni huketishwa chini akanakili sala kwa mkono wake. Lakini si mambo ya watawa tu. Watoto wa Japani huanza kushika brashi shuleni darasa la tatu, na tarehe 2 Januari familia nyingi huandika maandishi ya kwanza ya mwaka, desturi inayoitwa kakizome.

Kwa nini mtu akiandika hivyo anasikia utulivu?

Kwa sababu huwezi kuifanya mbio mbio. Kabla ya kuandika unasaga wino. Kijiti cha wino, kilichotengenezwa kwa masizi na gundi, unakisugua juu ya jiwe lenye matone machache ya maji, unazungusha taratibu, mpaka maji yawe meusi na mazito kidogo. Kazi hiyo peke yake inaweza kula dakika 10 na zaidi. Halafu unakaa mgongo umenyooka, karatasi imetandikwa juu ya kitambaa kizito na kukandamizwa kwa kipande cha chuma isiteleze. Brashi inasimama wima na kiwiko hakigusi meza. Unabonyeza, unavuta, unatua. Mwisho wa mstari una namna zake: ama unausimamisha imara, ama unaurusha, ama unauachia ukonde polepole hadi uishe. Pumzi ikikatika, mstari unatetemeka na kila mtu anauona. Ukikosea hurudi juu yake kuupaka tena. Unachukua karatasi nyingine.

Wakati huo pumzi zinakuwa ndefu, mapigo ya moyo yanapungua kasi, mabega yanalegea, na mishipa ya damu nayo inalegea kidogo. Ndiyo raha mnayoisikia. Ni ya kweli, sipingi hata kidogo.

Basi inashusha presha?

Inaweza kuishusha kidogo, kwa muda. Umemaliza kuandika, umeosha brashi, umerudi kwenye shughuli zako, presha nayo inarudi ilikokuwa. Mwenye presha ya kudumu ana mishipa iliyokakamaa, figo zinazobakiza chumvi na maji mwilini, na mara nyingi ana uzito mkubwa au wazazi waliokuwa nayo. Hivyo vyote haviondoki kwa sababu umeandika vizuri leo.

Lakini presha yangu mimi ni ya mawazo. Mawazo yakiisha si nayo itaisha?

Hapana. Hili nalisikia kila wiki na nitalijibu kila wiki. Mawazo yanaweza kuipandisha presha, ndiyo. Yanakukosesha usingizi, yanakufanya uvute sigara au unywe pombe, na hivyo vinaipandisha zaidi. Ila ukishapimwa siku tofauti na kila mara unakutwa na 140/90 au zaidi, hiyo ni presha, iwe una mawazo au huna. Wapo watu wapole, wacheshi, hawana ugomvi na mtu, na wana 170/100. Utulivu wa moyoni na presha ya kwenye mishipa ni vitu viwili. Kimoja unakisikia mwenyewe. Kingine kinajulikana kwa mashine peke yake.

Nimejipima baada ya kuandika nikapata 128/80. Niache vidonge?

Usiache. Hiyo 128/80 umeipata ukiwa unameza vidonge, tena ukiwa umetoka kupumzika. Kuacha dawa kwa sababu presha imeshuka ni sawa na kung'oa paa kwa sababu ndani hakuvuji. Ukiona vipimo vinashuka wiki baada ya wiki, vilete kliniki kwenye karatasi. Daktari ndiye atakayepunguza dozi, na huwa tunapunguza kweli kwa anayestahili. Usiipunguze mwenyewe nyumbani. Usimeze siku moja na kuruka mbili. Usimwachie jirani aamue.

Kuna pia dawa ambazo ukizikatiza ghafla presha hupanda kwa nguvu. Na kama tatizo ni kwamba zinakuvimbisha miguu au zinakuletea kikohozi kikavu, njoo useme. Dawa za presha ni nyingi, tutakubadilishia. Kuja kusema kunachukua asubuhi moja.

Mbona sisikii kichwa kuuma wala kizunguzungu?

Wengi hawasikii chochote mpaka siku ya kiharusi. Kusubiri dalili ndiko kunakotuletea watu wakiwa wamebebwa.

Wajapani si ndio hao wenye utulivu na maisha marefu? Wao hawakutumia brashi?

Swali zuri, na historia yao yenyewe inalijibu. Kuanzia 1951 hadi 1980, kiharusi ndicho kilichoua Wajapani wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Ni nchi ileile yenye shodo, chai ya taratibu na mahekalu ya kutafakari. Mkoa wa Akita, kaskazini, ndio ulioumia hasa. Kule theluji hukaa miezi, kwa hiyo mboga na samaki walihifadhiwa kwa chumvi, na juu yake kukawa na supu ya miso (soya iliyochachushwa kwa chumvi) na mchuzi wa soya kila siku. Mtu mmoja aliweza kula zaidi ya gramu 20 za chumvi kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linataka tusifike gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa chakula chote cha siku.

Kilichowaokoa hakikuwa utulivu. Miaka ya 1960 wahudumu wa afya waliingia vijijini, Akita ikiwemo, wakapima watu presha, wakawafuatilia waliokutwa nayo, wakawafundisha akina mama wa nyumbani kupunguza chumvi. Mwaka 1961 nchi nzima ikawa na bima ya afya, na vidonge vya presha vikapatikana kwa watu wengi. Vifo vya kiharusi vikaanza kushuka na kuendelea kushuka. Shodo ilikuwepo kabla ya hapo na ipo mpaka leo, lakini siyo iliyoleta mabadiliko hayo. Kwa hiyo anayetaka kuiga Wajapani aige yote: brashi, kipimo, vidonge na chumvi ndogo.

Nataka kuanza. Nifanyeje bila kutumia hela nyingi?

Brashi moja nene yenye ncha, chupa ya wino mweusi ulio tayari, na magazeti ya zamani. Hata Japani wanafunzi hufanyia mazoezi kwenye magazeti. Anza na mistari ya kulala na ya kusimama kabla ya herufi yoyote. Ukiwa tayari, Wajapani wenyewe hupenda kufundisha kwa herufi moja yenye maana ya "milele", kwa kuwa ndani yake kuna michoro minane ya msingi. Hujui Kijapani? Andika Kiswahili. Pwani yetu ina khati yake ya miaka mingi kwa kalamu ya mwanzi na herufi za Kiarabu. Aliyeirithi kwao asiidharau, mkono na pumzi vinafanya kazi ileile.

Robo saa kwa siku inatosha. Weka mezani vidonge vyako pamoja na brashi, meza kwanza, kisha andika. Kujipima nako kufanye vizuri: kaa kimya dakika 5, miguu chini bila kuipandanisha, mkono umelala usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili na uandike zote mbili, hata ile usiyoipenda.

Ikitokea naandika, ghafla mkono unashindwa kushika brashi?

Acha kila kitu uende hospitali. Sasa hivi. Usikae "kutulia kwanza", usilale uone kama itapita, usisubiri mume arudi kutoka kazini. Mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu ghafla, mdomo kwenda upande, maneno kutoka yamekorogeka, mwandiko kuharibika ghafla: hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Hata kikipita baada ya dakika chache, nenda, maana kikubwa kinaweza kufuata.

Naomba mnisikie hapa, kwa sababu ndipo tunapopoteza watu. Mgonjwa anakandwa kwa mafuta siku mbili. Mwingine anaambiwa amepitiwa na upepo mbaya. Mwingine anawekwa chumba chenye giza apumzishe akili. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, kwa hospitali zenye kipimo cha CT (mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa) na kwa mgonjwa anayefaa, nayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Siku mbili za kukandwa zimeshauvuka mbali muda huo.

Aliye naye asimpe chakula, maji wala kidonge cha presha mdomoni, kwani huenda hawezi kumeza na vikampalia. Amlaze kwa ubavu kama anatapika au amepoteza fahamu, atafute gari, achukue pakiti za dawa anazotumia, na akifika amwambie daktari ni saa ngapi mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho.