Lanesville TV, kituo kidogo kilichorusha bondeni bila leseni

Sisi watu wa transmita, yaani mitambo ya kurushia matangazo, tukikutana swali la kwanza ni mtambo wako unafika wapi, na mtu akitaja kilomita nyingi basi anapewa heshima yake. Leo nataka niwaelezee kituo ambacho kilikuwa kinaishia mwisho wa bonde, ukivuka tu kilima hukipati, na kwangu mimi ndio kituo kitamu kuliko vyote kwenye historia ya televisheni ndogo. Kinaitwa Lanesville TV. Kilikuwa jimbo la New York kule Marekani, kwenye milima ya Catskill, kikaanza kurusha Machi 1972 na kikazimwa 1977.

Waliokianzisha ni kundi la watengeneza video linaitwa Videofreex. David Cort na Parry Teasdale walikutana kwenye tamasha la muziki la Woodstock Agosti 1969, wakaungana na Mary Curtis Ratcliff, kundi likazaliwa. Mwaka huohuo bosi mmoja wa CBS, mojawapo ya mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani, Don West, akawapa kazi ya kutengeneza kipindi cha majaribio kuhusu vijana wa Marekani wa wakati ule, nao wakazunguka na kamera zao mpaka Chicago wakamhoji Fred Hampton wa Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, wiki chache tu kabla polisi hawajamuua, tarehe 4 Desemba 1969. Mwezi huohuo wakubwa wa CBS wakaangalia kazi yao wakaikataa. Ndio ukawa mwisho wa habari za stesheni kubwa.

1971 wakahamia kijijini Lanesville, kwenye jumba moja kubwa la zamani linaitwa Maple Tree Farm, kwa sababu baraza la sanaa la jimbo lilikuwa linatoa ruzuku kwa kazi za nje ya jiji la New York. Hela ya kutengenezea transmita ilitoka kwa Abbie Hoffman, yule mwanaharakati aliyekuwa akishitakiwa Chicago, yeye alikuwa anataka televisheni ya kuruka bila kuomba ruhusa ya mtu. Jijini kati ya maghorofa isingekwenda popote ile. Bondeni ikakubali.

Hapa ndipo napapenda, ngoja nieleze taratibu. Walitumia chaneli 3, ambayo kwa Marekani ni VHF kati ya 60 na 66 MHz. Mawimbi ya masafa hayo yakikutana na kilima yanajipinda kidogo, ila ukiwa na wati chache na milima imekuzunguka, signo inabaki humohumo bondeni. Sasa milima hiyohiyo ndio iliyokuwa inazuia stesheni za mjini zisiingie vizuri, watu wanaangalia chenga, kwa hiyo chaneli ilikuwa tupu na hakuna jirani wa kuja kulalamika kwamba mnamuingilia. Leseni hawakuwa nayo, na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya kule, ambao ndio kama TCRA yetu Tanzania, hawakuwahi kuwafungia.

Halafu kuna suala la mikanda. Stesheni kubwa zilikuwa zinarekodi kwenye mkanda wa inchi mbili, mashine yake ukubwa wa kabati, wakati Videofreex walikuwa na Portapak ya Sony, kamera na mashine ya kurekodi ya kubebeka, mkanda wa nusu inchi, unabeba begani. Shida ya nusu inchi ni kwamba mkanda ukizunguka kasi inacheza kidogo, basi zile palsi zinazoiambia TV mstari mpya unaanza wapi zinawahi au zinachelewa, na juu ya skrini picha inajikunja kama bendera. Mainjinia wa stesheni kubwa walikuwa wanaikataa picha ya namna hiyo kwa kigezo hicho tu, mpaka zilipokuja mashine za kurekebisha muda ndani ya miaka ya 70. Lanesville hakukuwa na wa kuikataa. TV za majumbani zilikuwa zinaivumilia, na kijiji kilikuwa kinajiona chenyewe, sasa hapo nani ataangalia kwamba kona ya juu imepinda?

Na simu! Walikuwa wanatangaza namba ya nyumbani kwao, kipindi kiko laivu, mtu anapiga kutoka kwake anasema picha inaonekanaje au anatoa maoni yake na yote yanakwenda hewani palepale. Watoto wa kijiji walikuwa wanaigiza kwenye kipindi cha Buckaroo Bart, Bart Friedman akiwa kauboi. Nancy Cain na wenzake wanazunguka na kamera barabarani wanahoji wenyeji, na wikendi mtu anajiona. Walirusha zaidi ya mara 200 kwa staili hiyo, kwa kijiji cha watu mia chache, na kumbuka kipindi hicho huku kwetu Tanzania Bara televisheni yenyewe tulikuwa hatuna mpaka 1994.

Kilichokizima ni mambo ya kawaida, ruzuku hazitabiriki, watu wanakua, wanataka maisha yao, kundi likatawanyika.

Mwaka 1982 FCC wakaanzisha rasmi huduma ya televisheni ya nguvu ndogo, na Teasdale mwenyewe alikuwa kati ya walioishauri tume kuhusu jambo hilo. Vituo vikaota kibao. Ila sheria iliviweka daraja la pili, yaani kituo kikubwa kikikuingilia unavumilia, wewe ukimuingilia unahama au unazima. Mimi naona hapo ndipo vituo vya aina hii vilipofungwa kamba shingoni mapema kabisa, maana baada ya mnada wa masafa wa 2016 na 2017 chaneli 38 mpaka 51 zikachukuliwa kwa ajili ya simu, vidogo vingi vikaambiwa vitafute pa kwenda kwa gharama kubwa. Matangazo ya analojia ya vituo hivyo vidogo yakazimwa 13 Julai 2021. Sisi Dar tulikuwa tumeshazimiwa tangu 31 Desemba 2012 tukaanza kuhangaika na ving'amuzi, lakini huku vituo vya kijiji kimoja havikuwepo vya kupoteza.

Mikanda ya Videofreex, zaidi ya 1,000, iko Video Data Bank, hifadhi ya video kule Chicago. Mikanda ya umri huo gundi yake inavuta unyevu, ukiicheza hivihivi inanata kwenye hedi, ile sehemu ya mashine inayousoma mkanda, na inabanduka, kwa hiyo inabidi kwanza iokwe kwenye joto dogo la nyuzi 50 na kitu kwa masaa mengi, ndio ipitishwe mara moja na kuhamishiwa dijitali. Baadhi ya vipindi vya Lanesville vimeshahamishwa tayari, na ukivipata tafuta vile ambavyo simu zinaingia kipindi kikiwa hewani.