Je, orodha ya maneno yaliyofichwa huipandisha tovuti?

Wenye tovuti wengi huamini kwamba ukijaza orodha ya maneno muhimu ndani ya msimbo wa ukurasa, mahali ambapo msomaji haoni, tovuti itapanda kwenye matokeo ya utafutaji. Imani hii haikuzuka hivi hivi: miaka ya 1990 baadhi ya injini za utafutaji, yaani huduma za kutafuta kurasa mtandaoni, zilisoma orodha hiyo kweli. Ikachezewa mno, muuza viatu aliweza kuandika hata majina ya wanasoka ili kuwavuta mashabiki wao. Tangu 2009 injini inayotumiwa zaidi duniani, Google, imesema wazi kwamba haiitumii kupanga matokeo. Hutazama zaidi kichwa cha ukurasa, maandishi yenyewe na viungo kutoka tovuti nyingine.

Jaribu mwenyewe kwenye kompyuta: fungua kurasa zinazotokea juu, bonyeza Ctrl na U ili uone msimbo, kisha tafuta name="keywords", alama ya orodha hiyo. Nyingi hazina. Na fundi akikutoza hela kwa kuijaza, mwulize inasomwa na nani.