Soketi za Gari la Kulala: Anza na Volti

Gari la kulala safarini (campervan) lililotengenezewa soko la Japani huja na soketi za matundu mawili bapa, za volti 100. Umeme wetu Uganda ni volti 240. Ukilichomeka kwenye umeme wa kambi kama lilivyo, chaja ya betri inaweza kuungua papo hapo. Adapta ya dukani haikuokoi, kwani hubadilisha umbo la plagi tu, volti zinabaki zilezile.

Kabla ya kununua soketi, jiulize utachomeka nini. Simu, taa, feni ndogo na jokofu la gari havihitaji volti 240. Viwekee soketi za volti 12 na za USB kutoka betri ya pili, ile isiyo ya kuwashia injini, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri hiyo. Kwa maoni yangu, soketi mbili za volti 240 zinatosha gari zima. Birika la wati 2,000 likipitia inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa volti 240, hunyonya zaidi ya ampea 160 kutoka betri ya volti 12. Chai ipikwe kwa gesi!

Soketi hizo mbili za volti 240 ziwe za kawaida za nyumbani, matundu matatu, ampea 13, zenye swichi. Ikiharibika moja ukiwa Kasese au Gulu, utapata nyingine. Ziwe mbali na sinki na jiko.

Adui mkubwa ni mtikisiko. Kwenye barabara ya murram kuelekea Kidepo, waya wa uzi mmoja mnene huchoka na kukatika, na skrubu hulegea hadi soketi ikapata moto. Tumia waya laini wa nyuzi nyingi za shaba, milimita za mraba 2.5, na uvishe mpira kila unapopita kwenye bati. Kaza skrubu zote upya baada ya safari ya kwanza.

Bati la bodi ya gari liunganishwe na waya wa ethi (waya wa ardhini), na umeme wa volti 240 upitie breka ya kuzuia mshtuko (RCD) ya miliampea 30. Kazi hii mpe fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme Uganda. Mwulize hasa kuhusu inveta: kama nyutro yake, yaani waya wa kurudisha umeme, haijaunganishwa na ethi jinsi mtengenezaji anavyoelekeza, breka inaweza isikate mtu anaponaswa. Kitufe cha majaribio cha breka hakitakuonyesha kasoro hiyo. Ukikibonyeza, breka itakata vizuri tu.