"Ngoja niwamalize hawa kwanza": dhana potofu kuhusu gemu za bunduki

Kwenye mabanda ya gemu ya Mtwara, kuanzia Chikongola hadi Magomeni, sentensi hiyo haikosekani. Anayeisema amejibanza nyuma ya ukuta, risasi zinamwishia, na maadui wanatoka mlango uleule kama maji ya bomba. Muda aliolipia unayoyoma. Msimu wa korosho ndiyo kabisa: hela ipo, anaongeza saa nyingine, na hasogei hata hatua moja.

Dhana: ukiwaua wote, njia itafunguka.

Haifunguki. Kwenye Call of Duty 4: Modern Warfare (2007) na World at War (2008), sehemu nyingi maadui hawana idadi. Ukiua mmoja, programu inaleta mwingine, na itaendelea hivyo mpaka uvuke mstari usioonekana uliotegwa mbele yako. Ukishauvuka, maadui wa pale wanakoma, askari wenzako wanaoendeshwa na gemu wanasogea, na kundi la mbele linaanza. Gemu haihesabu maiti, inaangalia umefika wapi. Tena kwenye World at War, ukicheza ugumu wa Veteran, kukaa sehemu moja ndiyo kujitafutia kifo, maana mabomu ya mkono yatakufuata hapohapo.

Kwa hiyo fanya hivi. Acha kufyatua, jifiche mpaka wekundu utoke kwenye skrini. Ni sekunde chache tu. Tazama alama ya lengo kwenye dira, kisha chagua kinga inayofuata upande huohuo kabla hujatoka: gari, ukuta, gogo. Kama misheni imekupa bomu la moshi, lirushe kati ya kinga hiyo na bunduki zao, usilirushe miguuni pako. Kwenye PS3 kitufe chake ni L2. Kwenye Remastered, toleo lililoboreshwa la Modern Warfare kwa PS4, ni L1. Halafu subiri moshi utande. Hapa ndipo wengi wanapofia: bomu limetoka tu mkononi, mtu keshakimbia, moshi wenyewe haujajaa. Ukitoka, kimbia moja kwa moja, usisimame kulenga. Wenzako wakianza kusonga na mlango ule ukanyamaza, umevuka. Ukiona bado wanakuja, huenda umekimbia kwenda pembeni badala ya kwenda mbele.

Call of Duty: Black Ops ya 2010 ina mfano mbaya kuliko yote, misheni ya S.O.G. pale Khe Sanh, Vietnam. Watu wanakaa kwenye handaki wakipiga risasi kuteremka mlimani, na jeshi haliishi. Kinachotakiwa ni kushuka na kuyapiga teke mapipa ya napalm, yaani mafuta ya kuunguza, yaporomoke. Bila mapipa hayo, unaweza kufyatua mpaka usiku wa manane.

Ubishi hauishi kwa sababu zipo gemu zinazotaka kweli uue wote. DOOM ya 2016 hufunga milango ya ukumbi mpaka shetani wa mwisho aanguke. Lakini kule inaeleweka: mlango unauona umefungwa, na maadui wana mwisho. Huku kwenye Call of Duty unaachwa ukidhani unapungukiwa shabaha. Huo ni ubunifu mbovu na ninausema wazi. Mchezaji anayejihadhari anaadhibiwa, anayekimbia hovyo anazawadiwa, na hakuna anayemweleza kwa nini.

Dhana: mlango haufunguki, diski ni mbovu.

Kama unatembea na bunduki inalia, diski ni nzima. Diski mbovu hugandisha picha au huleta ujumbe wa hitilafu. Mlango huo anaufungua askari mwenzako wa ndani ya gemu, na hawezi kama umesimama kwenye njia yake au umemwacha nyuma. Rudi alipo, mpishe, subiri. Dakika nzima ikipita hajasogea, kakwama. Anza tena kutoka pale gemu iliposevu mwisho. Jamani, msigonge mashine.

Dhana: Veteran ina hadithi tofauti.

Njia ni ileile, milango ileile. Unakufa haraka zaidi, basi.

Dhana: umeme ukikatika, utaendelea ulipoachia.

Utaendelea pale iliposevu mwisho, na gemu hizi husevu zenyewe kwenye sehemu zilizopangwa, si pale unapotaka wewe. Alama ya kusevu ikiwa kwenye skrini, usizime chochote. Hatari kubwa zaidi bandani ni mteja mwenzako: akianza gemu mpya ya Call of Duty 4 kwenye akaunti hiyohiyo, sehemu uliyofikia inaweza kufutika. PS4 inaruhusu watumiaji hadi 16, na kumwongeza mtu hakuhitaji intaneti. Mwombe mwenye banda akufungulie mtumiaji wako.

Dhana: gemu ikiwa ya njia moja, ni mbovu.

Hapana. Half-Life ya 1998 ni njia moja na matukio yake yamepangwa, lakini karibu muda wote inakuachia mikono yako: watu wanazungumza huku wewe unatembea. Kinachokera ni gemu kukunyang'anya pedi kila baada ya hatua chache ili ikuonyeshe jengo linaanguka. Ukichoka kuburutwa, omba Halo ya kwanza, ya 2001. Viwanja vyake vikubwa ni vipana, unaamua upande wa kuingilia, na maadui wanakuzunguka bila kungoja uvuke mstari. Pale kuua wote kuna maana.